Safu ya Kumi na Nne

Kidonge cha asubuhi nakimeza baragumu ya kambi ikilia,
cha pili baada ya isha.
Miaka kumi na tisa hapa Bombo sijakosa ila mara tatu:
ya kwanza nilisahau,
ya pili duka la dawa lilikuwa tupu,
ya tatu nilikuwa na kiburi.
Kovu hili la kiwiko ni la kiburi.
Nilianguka na jiko, maharage na vyote,
dada yangu Mastula akanivuta kwa mguu
kama gunia la mkaa.

Basi sitakisema vibaya kidonge.
Kabla yake nilikuwa nyumba yenye radi ndani.
Waliniandikia kombe, nikanywa.
Walinifukiza, nikakohoa.
Ikaja valproeti, radi ikakoma,
nikaanza kumaliza makawa niliyoyaanza.

Ila mwaka huu mkono wa kulia umekuwa mzito wa kusikia.
Nauambia: chukua shazia.
Unangoja.
Nauambia tena, ndipo unakwenda, mdogo mdogo,
na ukikosa kazi unatikisika pajani
kama unahesabu pesa ambazo hatujalipwa.
Saini yangu kwenye daftari la akiba imenywea,
mwisho wa jina hausomeki.
Mhazini akauliza: Kaltuma, unaogopa deni?

Huko Mulago, Daktari Nakimbugwe aligeuza kadi yangu,
akachora vifundo viwili vinavyotazamana
na katikati pengo, jembamba kushinda unyuzi wowote nilioupasua.
"Hapa neno halipiti kwa miguu," akasema, "linarushwa."
Kinachorushwa kinaitwa dopamini.
Ndicho kinachouambia mkono: haya, anza.
Nikamwambia kwetu Wanubi yupo mtu huyo:
mwanamke anayeipiga doluka pigo la kwanza,
na asipolipiga, wote tumesimama na kanga zetu.

"Na kidonge changu?"
Kidonge, akasema, kinaikuza kemikali nyingine,
ile ya kunyamazisha,
ndivyo radi ilivyotulia.
Lakini kimya hakijui mpaka wa shamba.
Huenda kimevuka, kikawakalia wapiga doluka,
chembe chache chini ya ubongo, zenye weusi wa kuzaliwa.
"Weusi kama mimi," nikasema. Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Huenda?"
"Huenda. Kwa panya wa maabara, sehemu ya mbele ya ubongo,
dawa hiyohiyo imeonekana ikiiongeza dopamini.
Hatujajua yote."

Niliipenda ile huenda.
Walionifukiza walikuwa na hakika.

Tutakipunguza, akasema, polepole,
huku kingine kikiingia kwa mlango wa nyuma.
Ikiwa ni dawa, mkono utarudi, miezi, pengine mwaka.
Usiporudi, basi kuna ugonjwa mwingine uliokuwa umejificha
na dawa imeufunua tu.
Na radi? nikataka kuuliza,
lakini Mastula alikuwa ameshauliza.

Sasa jiko ni la Mastula. Mimi nanusa kwa mbali.
Zamzam, mjukuu, analala chumbani kwangu,
kidole chake cha mguu juu ya mguu wangu,
ili nikishtuka ashtuke.
Hajashtuka bado.
Mimi ndiye nisiyelala, namsikiliza akinisikiliza.

Wiki ya sita.
Kawa la harusi ya mpwa limefika safu ya ishirini.
Moja hadi kumi na tatu zimenyooka kama gwaride.
Ya kumi na nne niliishona mwezi ule mbaya,
zambarau inapanda juu ya kijani,
inashuka, inapanda.
Fumua, anasema Mastula, watu wataona.
Nimefumua nusu.
Nusu nimeiacha, wala si kwa hekima;
macho yalichoka, na taa ilikuwa inaisha.

Baragumu.
Kidonge kimoja kipya, nusu ya kile cha zamani, maji.
Nauambia mkono: chukua shazia.
Nahesabu.
Jana ilikuwa nne.